Vipepeo Waliowahi, na Uongo Uliotuhamisha

Kaka Dominiki,

Barua yako ilinifikia Jumapili baada ya misa. Padri alinikabidhi pale mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka, na kila mtu akaona muhuri wa posta ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata kama ningetaka kuificha nisingeweza. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama palepale juani. Mara ya pili niliwasomea mama mdogo na mwanawe Lukasi, neno kwa neno, pamoja na zile salamu zako ndefu zilizojaza nusu ya ukurasa. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu hajauliza mama yake alikufaje." Halafu akainuka akaenda kutwanga.

Mimi salamu sina. Ningekuandikia salamu ningekuwa nakudanganya, na katika sisi wawili mwongo mmoja anatosha.

Unasema Bwana Wavu amerudi Ulaya na masanduku yake ya vipepeo, kazi yako imekwisha, na sasa unataka kurudi nyumbani. Unataka nikutengee sehemu yako katika ardhi ya mama. Tena unataka binti yangu Teresia aje huko akupikie na kukufulia mpaka utakapokuwa tayari kuhama, kwa sababu wewe ni mjomba wake na mjomba ana haki yake. Majibu utayapata, lakini mwishoni. Kwanza nakukumbusha yaliyopita, maana barua yako imeandikwa na mtu aliyesahau, au anayedhani kwamba sisi tumesahau. Na bahasha sitaifunga. Naituma wazi. Atakayeibeba aisome, na huyo karani unayeishi kwake aisome. Ukiichana, nakala nyingine iko kwa Lukasi.

Sikatai kwamba ulikuwa kaka mwema. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, maana kama ungekuwa mbaya tangu utotoni ningekwisha kukuzoea. Misheni walipoanza kufundisha wavulana peke yao, wewe ndiye uliyekuwa ukirudi jioni na kuniandikia herufi kwa mkaa juu ya gamba la mgomba. A, kisha E, kisha I. Nikikosea ulinipiga kikofi kidogo cha kichwa, nikipatia ulinipa nusu ya muwa wako. Masista walipoanza kuwapokea wasichana, nilikuta najua kusoma tayari, na sista akauliza nani kanifundisha, nikajibu kwa majivuno, "Kaka." Mkono unaokuandikia maneno haya uliufundisha wewe. Nimewahi kutamani mkono huu ungekuwa haujui kitu.

Na vipepeo wale tuliwajua kabla ya Mdachi yeyote. Kila mwaka, masika ikishanyesha sawasawa na mahindi yakifika magotini, walikuja wale weupe wenye mishipa ya kahawia, wakitokea upande wa jua linakochomoza, wakipanda mlima kama watu waendao sokoni. Tulisimama pale ukingoni mwa shamba la mama tukiwahesabu mpaka tukachoka. Mama alikuwa akisema, "Waacheni wapite, wana safari yao." Wewe hukuwaacha. Uliwakimbiza na kikapu mpaka ukaanguka kwenye magimbi, na mama akacheka hadi akakaa chini. Umekumbuka hilo? Mimi nimelikumbuka jana na halikunifurahisha.

Bwana Wavu alipokuja mara ya kwanza na wapagazi wake, watu walidhani ni mgonjwa wa akili: mzungu mwenye ndevu akikimbia vichakani na wavu mkononi. Jina hilo tulimpa sisi wanawake kisimani. Alihitaji mtu anayejua njia za mlima, anayesoma na kuandika, asiyeogopa nyuki wala siafu. Padri akakutaja wewe. Mama alifurahi. Alisema ni afadhali ufukuze vipepeo kuliko kubeba mizigo mpaka Kilosa, na mimi nilikubaliana naye, kwa sababu mume wangu alikuwa amekufa kwa homa akirudi kutoka kwenye mizigo hiyohiyo, akaniacha na Teresia mdogo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama, kule juu, mahali msitu unapokutana na mashamba. Ulikuwa ukija kulala kwetu kila ulipopita, na ulituonyesha jinsi ya kumchoma kipepeo sindano bila kumvunja bawa.

Ukaja ule mwaka.

Hatukuwa tumepanda hata punje. Ardhi ilikuwa kavu, tulikuwa bado tunafyeka na kukusanya magugu, na masika ilikuwa mbali. Asubuhi moja Teresia akaniita, "Mama, njoo uone!" Nikatoka. Angani juu ya migomba walikuwa wanapita wale weupe, wengi kuliko mwaka wowote niliowahi kuona, kimya, wakienda. Nilisimama na panga mkononi. Siku ya tatu mlifika wewe na Bwana Wavu mkihema, na yeye alikuwa na daftari lake la miaka iliyopita. Alifungua kurasa akakuonyesha kwa kidole, mwaka huu na mwaka ule. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kifupi kifupi: "Dominiki, hii mapema. Mapema sana! Hawa wanafanya nini hapa leo? Nani amewaamsha?" Akakupa kazi. Utafute walikotoka, ujue kwa nini wamewahi, na umpe jibu misheni atakaporudi kutoka Mgeta, ambako alikuwa anakwenda kuona kama nao wamewaona.

Wewe ukaja kwangu. Ulisema, "Agata, wanaume hawakumbuki siku. Wanawake wanakumbuka. Na wanawake hawatazungumza na mimi na huyu Mdachi wangu. Twende wote." Nikamwachia mama mtoto, nikafunga muhogo wa kuchoma kwenye kitambaa, tukashuka.

Safari ile sijaisahau, na sitaki uniambie kwamba wewe umeisahau. Tulikwenda kijiji kwa kijiji kuelekea chini, na katika kila kijiji nilipiga magoti nikawaamkia bibi zangu, nikauliza: walipita lini? Hawakujibu kwa tarehe. Mmoja alisema, siku mbuzi wa jumbe alipopotea. Mwingine alisema, kesho yake tulipomzika mtoto wa Saidi. Wewe ulikaa pembeni na kalamu, ukageuza mbuzi na mazishi kuwa siku za mwezi. Kadiri tulivyoshuka, ndivyo siku zilivyorudi nyuma. Kijiji cha chini waliwaona kabla ya kijiji cha juu. Tulipovuka mto Ruvu, wenyeji wa ng'ambo walisema waliwaona mapema zaidi. Ulinigeukia macho yakimeta, ukasema, "Tunawafuata kwa nyuma, Agata! Tunakwenda walikotoka!" Tulikuwa watu wazima, mimi mjane na wewe mwajiriwa wa mzungu, tukicheka njiani kama watoto.

Tukafika tambarare ya Ngerengere, karibu na reli, na pale tukaacha kucheka. Nilipajua mahali pale tangu nilipokwenda na mama kuchimba dawa. Palikuwa na vichaka hadi macho yanapoishia. Sasa palikuwa peupe. Vyote vilikatwa kuwa kuni za garimoshi, vikapangwa mafungu kando ya reli yanayozidi urefu wa nyumba. Vilivyobaki ni visiki. Na visiki vingi vilikuwa vya kile kichaka chenye majani madogo magumu, ambacho mama alichimba mizizi yake kwa maumivu ya tumbo.

Ulimuuliza yule mkata kuni, mtu wa Unyamwezi, yule mwenye kidonda mguuni. Nakumbuka jibu lake lote. Alisema, "Tulikata hapa kabla ya vuli. Vuli ikanyesha kidogo, visiki vyote vikachipua kwa pamoja, majani mororo. Halafu wakaja viwavi. Ndugu zangu, sijawahi kuona viwavi namna ile. Walikuwa wanaangukia kwenye chungu cha uji. Walitafuna mpaka hapakubaki kitu cha kijani, wakajining'iniza, wakapasuka, wakaruka. Asubuhi moja tu, wote."

Ukapiga magoti kwenye kisiki. Vijiti vya machipukizi vilikuwa vimetafunwa vikabaki vitupu, na kila kijiti kilikuwa na yale maganda makavu waliyotokea, mepesi kama pumba. Ulikusanya maganda mengi kwenye sanduku lako la bati. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti, na utakumbuka: miti ilikatwa pamoja, ikachipua pamoja nje ya wakati wake, viwavi wakapata majani machanga mapema, wakayamaliza mapema, wakaondoka mapema. Uliniangalia kama unayeniona mara ya kwanza. Ukasema, "Mdogo wangu, umepata. Nitamwambia Bwana Wavu kwamba wewe ndiye uliyepata." Nilitembea safari yote ya kurudi miguu ikinivimba na sikusikia maumivu.

Sasa tuje misheni, kwenye baraza ya nyumba ya wageni.

Bwana Wavu hakuwa peke yake. Alikuwa na bwana wa misitu kutoka Morogoro, yule mrefu mwenye miwani, na ramani ilikuwa imetandazwa mezani, imebanwa na vikombe kwenye pembe. Mimi nilikaa chini karibu na nguzo. Wewe ulisimama na sanduku kwapani. Bwana Wavu akasema, "Haya, Dominiki. Kwa nini?" Ukalishika sanduku kwa mikono miwili. Nilidhani unalifungua. Na ndipo yule mwenye miwani, bila hata kukutazama, akasema, "Watu wa juu wanachoma msitu. Mlima umekauka, joto limekuja mapema, wadudu wamedhani masika. Sivyo?"

Nilikuona ukitazama ramani. Halafu ukasema, "Ndivyo, bwana. Ndivyo tulivyoona."

Tulivyoona. Kwa nini hukusema "nilivyoona"? Kwa nini uliniingiza na mimi katika neno lile, mimi niliyekuwa nimekaa chini miguu imevimba?

Bwana Wavu alishangaa. Haki yake nampa: alishangaa. Akageuka akaniuliza, "Na wewe, mama? Umeona moto huko juu?" Wewe ukanitazama. Sijui kama ulikuwa unaniomba au unaniamuru, na kwa wakati ule kwangu mambo hayo mawili yalikuwa sawa, kwa kuwa wewe ni kaka yangu. Nikatazama sakafu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Kalamu ikaandika. Ukimya ule ni wangu, nimeuungama kwa padri na nimeuungama mbele ya ukoo. Lakini wangu ulikuwa ukimya, Dominiki. Maneno yalikuwa yako.

Njiani nilikuuliza, "Mbona hukusema?" Ukajibu kwa ukali, "Niseme nini? Niseme garimoshi la Kaisari ndilo lenye kosa? Wewe unakijua kiboko? Umewahi kuhesabiwa ishirini na tano?" Nikanyamaza, kwa sababu niliwahi kuona mgongo wa mtu aliyetoka bomani. Usiku na mchana wa mwezi ule nilikutetea moyoni. Nilijiambia: ameogopa, nani asingeogopa? Nilimwambia hata mama hivyo.

Lakini nimekuwa na miaka ya kulifikiri jambo hili, na nakwambia si kweli. Woga ungekufunga mdomo. Ungeweza kusema hujui. Ungeweza kusema utafiti haujaisha, twende tena chini. Ungeweza kulitupa sanduku mtoni na kujifanya mjinga, kama watu wetu wanavyojifanya wajinga kila siku mbele ya Wadachi na kupona. Wewe hukunyamaza. Wewe ulizungumza, na ulipomaliza kuzungumza ukapewa koti.

Kwa maneno yale ya barazani serikali iliamua kuufunga msitu na kuwatoa watu wa juu, na kiangazi kilichofuata ulirudi umelivaa. Koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na cheo: mlinzi wa mpaka wa msitu. Mbele yako askari wanne, nyuma yako wapagazi na ndoo ya rangi nyekundu ya kuchora mpaka. Ulikuwa unawaonyesha njia. Hawakuzijua njia zetu, wewe ulizijua. Yule mwenye miwani alitaka mstari wa mpaka upite mlimani zaidi, juu ya chemchemi yetu; Lukasi alikuwa kati ya waliobeba ndoo na alisikia kwa masikio yake. Ni wewe uliyesema, "Bwana, chemchemi iwe ndani ya msitu, ni afadhali." Kwa neno lako hilo moja mstari ulishuka, ukayachukua mashamba ya mama, na mashamba ya mama mdogo, na makaburi ya bibi zetu, na nyumba saba. Mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia ulipata faida gani kwa ile chemchemi. Nadhani ulitaka tu waone kwamba unajua.

Sisi tunafuata upande wa mama, Dominiki. Ardhi ile haikuwa ya baba yetu wala ya padri. Ilikuwa ya mama na ya mama yake, na mtu aliyewekwa kuilinda kwa ajili ya watoto wangu ni mjomba wao. Ni wewe. Mgeni angeipaka rangi ningelia kama watu wanavyolia. Kwa wewe kuipaka rangi, machozi yalikataa.

Na sasa asubuhi ile ya kung'olewa paa la mama.

Tulipewa siku chache za kuhama. Mama alikataa. Maharage yalikuwa hayajakomaa, alitaka ayavune kwanza. Mlipofika alikuwa amekaa juu ya kinu chake mlangoni, mchi miguuni. Askari wawili walipanda wakaanza kung'oa nyasi za paa. Vumbi likaanguka kichwani kwake na hakulipangusa. Akakuita kwa sauti ya kawaida, kama anayekuagiza maji: "Dominiki, waambie wangoje nivune maharage."

Yule kiongozi wa askari, Msudani mwenye alama mashavuni, akageuka. Akakuuliza, "Huyu anakujua?"

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwako. Teresia alinishika nguo. Ukasema, "Hapana, afande. Ni bibi wa hapahapa tu. Hawa wote wanalijua jina langu."

Mama alisikia. Hakulia wala hakukulaani, na wakati ule nilitamani akulaani. Aliinuka, akaokota mchi, akaniambia, "Beba kinu," akatangulia njiani. Hakugeuka. Wewe ulibaki unafunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Hukuuliza alikufaje, kwa hiyo nakwambia bila kuulizwa. Tulipelekwa bondeni, kwenye maji yaliyotuama, mahali ambapo hakuna mtu wa juu aliyewahi kukubali kulala. Mama alipata homa mwezi wa kwanza, ikaondoka, ikarudi. Alikuwa akikaa nje akiutazama mlima, lakini hakuuzungumzia. Jina lako hakulitaja tena, hata tuliposikia umemfuata Bwana Wavu pwani, na sisi hatukulitaja mbele yake. Masika ya pili hakuiona. Siku tatu kabla hajafa, homa ikiwa imempanda, alifungua macho akaniuliza, "Dominiki amekula?" Nikamwambia amekula. Akasema, "Haya." Mara ile tu.

Unaona? Ulimkana mbele ya askari, na yeye alikuwa anawaza chakula chako. Nimesamehe mambo mengi katika maisha yangu, lakini hilo kila nikilishika linaniunguza upya.

Nakupa na habari ya mwaka huu, kwa kuwa ulikuwa mtaalamu. Vipepeo wamewahi tena. Huko juu hakuna mtu, hakuna moto, hakuna hata kuku. Msitu umefungwa na rangi yako nyekundu, miti imeanza kuota mashambani kwetu. Na bado wamekuja kabla ya masika, kutoka upande uleule wa chini, ambako kuni za garimoshi zinakatwa mpaka leo. Bwana wa misitu wa sasa ni mwingine, kijana, hana miwani. Alikuja misheni na jumbe, akawauliza wanaume kama kuna waliopanda juu kuchoma. Wanaume wakatazama chini.

Nikasimama. Sikuitwa. Nikasema, "Shikamoo bwana, mimi nina neno." Nikamweleza yote, visiki, machipukizi, viwavi, yule mkata kuni wa Unyamwezi. Jumbe alinikemea, "Kaa chini, mwanamke!" Lakini nilikuwa nimeshaanza. Mama mdogo akasimama nyuma yangu akasema siku alizowaona mwaka huu. Akasimama mwingine, na mwingine, wakitaja siku, kutoka kijiji cha juu kati ya vilivyobaki hadi kijiji cha chini, na yule kijana akaandika kila moja. Alipomaliza alizipanga, akasema, "Kumbe."

Usidhani tulirudishiwa kitu. Mpaka haukusogea hata hatua moja. Alisema atapeleka maandishi Morogoro, na Morogoro imenyamaza. Jumbe alinipa adhabu ya kufagia barabara ya wapagazi siku saba kwa kusema bila kuulizwa, nikafagia, mgongo ukaniuma. Lakini katika kitabu cha boma sasa yamo maneno mengine yanayopingana na yako, na yametoka kwa watu waliotajwa majina yao. Ulichosema wewe barazani si peke yake tena. Na mimi nilipolala usiku ule nililala.

Sasa majibu yako.

Ardhi ya mama haipo. Ulikuwepo ilipokwenda, nenda kaiombe kwa aliyepewa. Hapa bondeni nina kipande cha kulima ambacho Lukasi alinikatia, na nikifa kitakwenda kwa Teresia.

Teresia haji. Nilimsomea sehemu ile ya barua yako peke yake, maana ni mkubwa sasa na nilitaka ajibu mwenyewe. Alisema, "Mama, mwambie najua kupika, lakini napikia ninaowataka." Ameposwa na kijana wa Mlali, mtu wa kazi, na ataolewa baada ya mavuno.

Kuhusu haki ya mjomba, ukoo ulikaa. Walikaa siku mbili kwa mama mdogo, wazee wa juu wote waliobaki, na wakaniuliza kama nina la kusema la kukutetea. Nilitafuta. Nikawaambia ulinifundisha kusoma. Wakasikiliza kwa heshima, wakaamua. Mjomba wa watoto wangu ni Lukasi tangu siku hiyo. Atakayesimama harusini ni yeye, atakayeitwa kukiwa na msiba ni yeye, na jina lako halitaitwa katika mambo ya ukoo. Hili si hasira yangu peke yangu, wamesema nikuandikie, ndiyo maana nimeandika.

Barabara ya kuja kwetu Matombo ni ya watu wote, siwezi kukuzuia kuipita. Ukija, Lukasi atakuonyesha kaburi la mama, hilo amekubali. Nyumba za wageni zipo misheni. Kwangu usiingie.

Mimi,
Agata, mama yake Teresia.